Majani ya Mitoma ya Papa Yako

Hapana, Maombi, Byamungu hakunituma niikate. Uliniuliza leo mchana tukiwa tunafunga sanduku lako kwa kamba, na kabla sijafungua mdomo Mama Nyota wa jirani akaingia na kikapu chake cha maharagi ya kukuaga. Akakaa, akaongea mpaka jua likageuka, na wewe ukaondoka kwenda kulala kwa nyanya yako karibu na barabara ili kamyo ya mizigo ikukute tayari. Swali lako limebaki nami hapa nyumbani. Nalijibu kwa karatasi, na kesho nitakutia karatasi mkononi, kwa sababu najua mbele ya watu wa kamyo nitalia tu na hakuna neno litakalotoka.

Ile mitoma, miti ya kivuli ya Papa yako, niliikata mimi. Nilipanda juu na panga langu, na nilikuwa nikiimba. Byamungu alikuwa chini akinishikia ngazi. Tena alinikataza, nitakuambia vile alivyonikataza. Habari za blanketi, za dawa ya tumbo na za kuandikia mapadri wakichelewa kukupa nyumba ya mwalimu, hizo tumezisema mpaka umechoka. Sizirudii. Nataka kukuambia habari ya shimo.

Unajua Papa yako alikuwa mtu wa pori. Alipanda kutoka Walikale na wachuuzi wa mafuta ya ngazi, yale ya mawese, akaniona sokoni Masisi, akabaki. Lakini hakuuzoea mlima wetu. Usiku wa kwanza katika nyumba hii ya Karuba hakulala. Nilimuuliza ana nini, akasema mlima uko uchi, mtu analala kama amelala njiani. Kesho yake akaanza kuchomeka vijiti vya mutoma kuzunguka lupango letu lote, nyumba na uwanja wake, vingi kuliko mtu yeyote wa hapa anavyopanda. Kila mtu ana mitoma yake michache ya ua, lakini yeye alipanda safu juu ya safu. Mama Nyota alipita akasimama na kicheko chake.

"Papa, unapandia ngombe pori ku malisho?"

"Napanda kivuli, Mama. Weye unapandaka nini?"

"Napandaka maharagi. Kivuli haipikwe."

Ulizaliwa vijiti vikiwa vimefika magotini. Ulipoanza shule vilikuwa vimepita paa. Na alipofariki tukamlaza pale penye miwili mikubwa, upande jua linapotokea, kwa sababu alikuwa amesema hivyo.

Baada yake nilibaki na Bihogo, ng'ombe wetu, na wewe ulikuwa shuleni kwa masista. Kiangazi cha kwanza Bihogo alikauka maziwa. Nyasi za kwetu ni kile kipande cha mteremko tu, na malisho makubwa yote yana seng'enge na wenyewe. Nilikuwa nateremka mpaka bondeni kutafuta matete, napanda nayo kichwani, na jioni Bihogo anayamaliza kabla sijakaa chini. Sikukuandikia hayo wakati ule. Nilikuandikia kwamba yote ni mazuri.

Hapo ndipo Byamungu alipokuja kwa mara ya kwanza, na unajua, mwanangu, kila nikikumbuka ile siku nacheka peke yangu kama msichana. Alikuwa amevaa lile koti lake lenye kiwiko kilichotoboka, na ndoo ya kutafutia maziwa ya kufanya fromaji, jibini yake ya kuuza.

"Mama Maombi, maziwa iko?"

"Itatoka wapi, Papa? Ngombe inakulaka vumbi."

Hakuenda. Alisimama akimtazama Bihogo, ambaye alikuwa amenyoosha shingo yote, ulimi nje, anavuta majani ya tawi la chini la mutoma.

"Hii ngombe iko na akili kutupita," akasema. "Siye tunatafuta chakula yake chini, yeye anaitafuta juu."

Ndipo akanieleza. Ujana wake wote alifanya kazi katika shamba la mzungu upande wa Mushaki, yule aliyeondoka na kuacha zizi wazi. Kule wakati wa mvua, nyasi zikiwa nyingi, walikuwa wanazikatakata pamoja na mabua ya mahindi, wanazijaza katika shimo, wanazikanyaga mpaka zinabanana, wanazifunika kwa udongo. Kiangazi wanafungua, na nyasi zinatoka zimechacha kidogo, na ng'ombe wanazigombania. Kwa majani ya miti alikuwa hajaona mtu akifanya. Alisema tuchanganye majani ya mutoma na matete na mashina ya viazi vitamu. "Ikikataa," akasema, "tutakuwa tumechimba shimo tu."

Mvua zilipokuja tukachimba. Na sasa nakuambia kosa langu, lile ambalo mlima wote ulilicheka. Wewe ulikuwa mbali ukasikia nusu tu. Shimo lilipojaa, Byamungu akataka kulifunika lote. Nikamkatalia. Tangu mtoto nimewaona mama zangu wakiivisha ndizi za kasiksi, pombe yetu, katika shimo, na kila shimo lina mdomo pembeni, moto unawashwa hapo, joto linaingia, ndizi zinaiva. Shimo bila mdomo kwangu lilikuwa kaburi.

"Bila mulango itaivaje?" nikamwambia.

"Ile ya muzungu haikukuwa na mulango, Mama."

"Njo maana alirudia kwao."

Alicheka mpaka akaweka jembe chini. Akaniachia mdomo wangu. Hata moto niliwasha, Maombi, kidogo, wa majani makavu, nikapuliza moshi uingie vizuri.

Tulipofungua, harufu ilifika kwa jirani kabla ya sisi kusema neno. Majani yalikuwa meusi, yana ukungu mweupe kama pamba, yanatoa maji kama ya panya aliyekufa. Bihogo alinusa, akapiga chafya, akageuza mgongo. Mama Nyota akaita kutoka kwake, sauti ya mlima mzima: "Mama Maombi, kasiksi ya ngombe imeiva? Utuitie."

Nilijificha ndani. Nilimngojea Byamungu aseme kwamba aliniambia. Nilingoja siku nzima, nikiwa tayari na hasira yangu. Alizoa ile takataka yote kwa mikono yake, akaitupa katika migomba, akanawa, akaja mlangoni. "Mwaka kesho tutaziba," akasema. Hakusema utaziba. Nililala nalo neno hilo, nikaamka nalo.

Mwaka uliofuata tuliziba. Tulikata majani ya chini tu ya mitoma, yale ambayo hata kivuli hayatoi, tukayaacha yanyauke tangu asubuhi mpaka jua la kichwa. Tukayakatakata na matete. Kila tabaka nikanyunyizia maji ya ndizi mbivu zilizopondwa, hilo lilikuwa wazo langu, kwa sababu nilijua sukari ndiyo inayochachusha. Halafu kukanyaga. Hukuniona, na ningependa ungeniona. Tulikuwa ndani ya shimo wote wawili, miguu mitupu, majani yanateleza, na ili nisianguke alinishika mikono. Tukazunguka hivyo, tukiimba nyimbo za kanisa kwa sababu ndizo tulizozijua wote wawili, na tulipomaliza za kanisa tukaimba zisizo za kanisa. Nilikuwa mjane mwenye mvi katika shimo la majani, na moyo wangu ulikuwa unaruka kama wa mtoto wa sekondari aliyeandikiwa barua ya kwanza. Tulifunika kwa majani ya mgomba, tukaweka udongo mpaka ukawa kilima, tukachimba mfereji wa kupitisha maji. Bila mlango.

Kiangazi tulifungua kidogo kwenye ncha moja. Rangi ilikuwa ya kijani iliyogeuka kahawia, na harufu, Maombi, kama kasiksi ya siku ya kwanza, tamu na kali kidogo. Bihogo alinisukuma kwa kichwa. Alikula mpaka akalamba ndoo. Hakukauka kiangazi chote, na karo ya mwaka wako wa mwisho shuleni ilitoka katika maziwa hayo. Mama Nyota mwenyewe alikuja kuomba aonyeshwe. Na Byamungu, akiwa ameshika uma wa kutolea majani, uso wote jasho, akaniuliza kama ningekubali tupeleke majina yetu kwa padri. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Sikufikiria hata kidogo.

Nimependa, mwanangu. Naona haya kukuandikia, lakini nitamwandikia nani mwingine? Asubuhi akienda kwenye fromaji nasimama mlangoni mpaka koti lake linapotea kwenye kona. Ananiita Esitera, jina ambalo hakuna aliyeniita tangu shuleni. Anachelewa kidogo tu, nami nimeshaweka maji motoni mara ya pili. Ulikuja kwenye ndoa yetu baada ya Pasaka, ukaimba vizuri, ukamsalimu vizuri, ukarudi shuleni. Nikasema moyoni, yamekwisha, mtoto amekubali. Sikukuuliza.

Furaha ile ndiyo iliyonifanya nisione. Nilipokuwa na huzuni nilikuwa naangalia kila kitu, hata jani. Nilijua kila kikombe cha Papa yako kiko wapi. Baada ya ndoa nikawa napita mbele ya kaburi lake nikiwaza chakula cha jioni. Mvua ilipofika nikataka shimo kubwa kuliko lile la kwanza, mara mbili, ili tumkamue Bihogo na bado kumwachia ndama wake yote anayotaka, ili Byamungu asitafute maziwa kwa watu wengine. Matete hayakutosha. Majani ya chini tukayamaliza. Nikaleta ngazi.

Byamungu akasema, "Esitera, ile mbili ya ku kaburi tuache."

Nikamjibu, "Majani ni majani."

Hilo ndilo neno langu. Sikusema lingine. Akashika ngazi kwa sababu niliiegemeza vibaya na angeniona naanguka. Nikakata yote mpaka kwenye shina, ile ya ua na ile ya kaburi, matawi yote yenye unene wa mkono. Nilikuwa naimba, nimekuambia.

Jioni nilikuwa narudi kutoka barabarani na mzigo wa mwisho wa matete kichwani. Mwanamume mmoja asiyenijua, mwenye mbuzi, alisimama karibu nami akaangalia juu kwenye nyumba yetu. Akaniuliza, "Mama, benye ile lupango balihamia wapi?" Kwetu unajua vile ilivyo. Mtu akiona mitoma juu ya kilima anajua kuna wenyewe, na akiona vishina anauliza wamekwenda wapi. Nikatazama kule anakotazama. Paa letu lilikuwa peke yake kwenye mlima, limevuliwa, na mlima ulikuwa uchi kama Papa yako alivyousema usiku ule. Nikamjibu yule mtu kwamba hawajahama. Hakuniamini, nadhani. Akaenda zake na mbuzi wake.

Kesho yake tulikanyaga majani hayo. Sikuimba.

Halafu ulikuja wewe na sanduku lako na diploma yako. Nilikuona ukisimama mahali pa kuingilia lupango. Ulisimama muda mrefu. Ukasema, "Jambo, Mama," ukaingia. Asubuhi nilikuwekea maziwa kwenye chai, ukasema unapenda chai nyeusi siku hizi. Likizo yote hukunywa tone la maziwa ya Bihogo. Uliwapa watoto wa Mama Nyota kikombe chako. Niliona kila mara. Na kila mara nilijiambia, kesho nitamwita tukae kaburini, tuongee. Niliogopa. Nilikuwa na furaha yangu mpya mikononi kama mtu aliyebeba yai, sikutaka mtu anigonge. Ndipo ikaja ile karatasi ya inspekta kwamba umepewa darasa Walikale, na kwamba ni wewe uliyeiomba. Kuna shule hapa Masisi. Nilielewa.

Mitoma inachipua tena. Nimeona vichwa vidogo kwenye mashina, hata ile ya kaburi. Sikuambii ili unisamehe. Jani linarudi, lakini wewe ulifika ukakuta halipo, na hilo haliwezi kuchipua.

Sasa nakuambia jambo ambalo hakuna anayelijua, hata Byamungu. Ninakaa na mtu ninayempenda na kuna saa ninakuwa peke yangu kuliko nilipokuwa mjane. Wale mama waliokuja kulia nami hawaji tena. Wananiona nimepona, na wengine wananicheka kwamba napendezwa kupita umri wangu. Hilo si kitu. Lakini juzi mvua ilinyesha na jua likiwaka, na nilifungua mdomo kusema, "Unakumbuka vile Papa alivyotoka nje na kikapu kichwani?" Nikamkuta mbele yangu ni Byamungu. Hawezi kukumbuka, hakuwepo. Ni mtu mwema, angesikiliza, lakini kusikiliza si kukumbuka. Wewe tu, Maombi, ndiye ninayeweza kumwambia unakumbuka. Ukienda na hasira, Papa yako anabaki na mtu mmoja hapa, na huyo mtu mmoja ndiye aliyemkatia miti. Hicho ndicho ninachoogopa kesho. Siogopi barabara wala pori.

Unakwenda mahali ambapo majani hayana mwisho na hakuna ng'ombe wa kuyala. Nilicheka ulipoonyesha jina la kijiji, ukadhani nakucheka wewe. Nilikuwa nawaza kwamba Papa yako alitoka huko kuja kupanda kipori kidogo kwenye mlima wetu, na sasa wewe unarudi kule kwenye pori kubwa kwa sababu kipori kimekatwa.

Na utaishi karibu na shangazi yako. Unajua sikwenda kwake. Kwa watu wa Papa yako, mjane anayetaka kuolewa anarudi kwanza kwa ndugu za bwana yake, anakaa nao, wanamfungua kwa desturi yao, wanamwachia aende. Mimi nilimtumia chumvi na kitambaa kwa mkono wa mchuuzi wa mafuta, pamoja na salamu. Nilijiambia sisi ni Wakristo, padri ametufungisha, inatosha. Ukweli ni kwamba niliona haya kumwangalia shangazi yako machoni nikiwa na furaha namna hii. Unakumbuka alipokuja wakati Papa anaumwa. Alikataa kiti, akakaa chini ya mitoma siku nzima, akasema, "Hapa njo kwetu kadogo." Atakuuliza. Atakuuliza kwa nini sikuja, na baada ya hapo atauliza habari ya miti, kwa sababu yeye anaulizia miti kama watu wengine wanavyoulizia watoto.

Usimjibu, mwanangu. Usiseme uongo kwa ajili yangu, na usiseme ukweli kwa niaba yangu. Mwambie hivi tu: "Mama anakuja, atasema mwenyewe." Huo mzigo si wako. Uliubeba likizo yote na chai yako nyeusi, na mimi nikakuacha uubebe.

Byamungu alitaka tuje wote wawili. Tangu jana anachagua fromaji ya kumpelekea shangazi yako, anazigonga kwa kidole na kusikiliza kama daktari. Nimemwambia hapana. Atabaki hapa, atamtolea Bihogo majani kila asubuhi. Akasema ni haki. Nitakuja peke yangu, kama mjane anavyopaswa kuja, ingawa nimechelewa na ndoa iko kidoleni. Kama shangazi yako ataniacha nisimame nje, nitasimama. Kama ndugu zake watataka nikae kwao siku kadhaa kwa desturi yao kabla ya kunisikiliza, nitakaa. Nikimaliza kwao, nitakuja kugonga kwako. Sikuombi uniandalie kitu. Kama utataka tuongee habari ya Papa yako, tutaongea mpaka koo likauke, na jina la mtu mwingine sitalitaja. Kama siku moja utaniuliza wewe mwenyewe huyo mwingine hajambo, nitafurahi, lakini sitakungojea useme.

Kamyo inayokuchukua kesho inashuka na maharagi na kupanda na mafuta. Nimeshaongea na dereva. Akirudi na kupakia tena, nafasi ya nyuma ni yangu. Mwezi huu hautaisha kabla sijafika mlangoni kwako.